Mzee anasubiri upasuaji: wiki hizi tatu tumlishe nini?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Baba yangu ana miaka 74, tunaishi naye hapa Tukuyu. Amegundulika ana uvimbe kwenye utumbo mpana na amepangiwa upasuaji Mbeya baada ya wiki tatu. Mwezi wa kwanza, kwenye kadi yake ya kliniki ya presha, alikuwa na kilo 64. Juzi, miezi mitano baadaye, kapimwa ana 55. Suruali anafunga kwa kamba. Hamu ya kula hana, anataka chai tu. Dada yangu mkubwa amekataza nyama, mayai na maziwa, anasema vinalisha uvimbe. Yeye anampa uji wa lishe, na juisi ya bitiruti ya kuongeza damu. Jirani naye anasema mzee afunge kabisa siku mbili kabla ya upasuaji ili tumbo liwe safi. Sisi wengine tumebaki njia panda. Tumlishe nini?"

Pole sana dada kwa kuuguza, na mpe mzee salamu zangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili jicho limeishia kwenye kilo.

Kutoka 64 hadi 55 ni kilo tisa, kama asilimia 14 ya uzito wake, na zimeondoka ndani ya miezi mitano. Kwenye miongozo ya ESPEN, chama cha Ulaya cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa, mtu aliyepungua zaidi ya asilimia 10 hadi 15 katika miezi sita anahesabiwa yuko kwenye hatari kubwa. Kwa mtu huyo wanashauri alishwe kwa makusudi siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama itabidi tarehe isogezwe, na hata kama ugonjwa wenyewe ni saratani. Nyinyi mmepewa siku 21 bila kuziomba. Wengi huzichukulia kama siku za kukaa na kungoja. Mimi nakuomba uzihesabu kama siku za dozi, na dozi imeanza leo.

Kabla ya jikoni, kuna jambo moja la kwenda kulisema hospitali: je, daktari wa upasuaji anajua habari za kilo tisa? Usishangae nikiuliza. Mzee akifika kliniki anapandishwa kwenye mizani, inaandikwa 55, anaambiwa akae. Ile 64 ya mwezi wa kwanza iko kwenye kadi nyingine, ya kliniki nyingine, imekunjwa kwenye mfuko wa koti. Hakuna aliyeziweka kadi hizo mbili pamoja isipokuwa wewe. Zibebe zote mbili, umwonyeshe, na umwombe akuunganishe na mtu wa lishe wa hospitali hiyohiyo. Angalia pia miguu ya mzee: ikiwa imevimba, bonyeza kwa kidole juu ya kifundo uone kama panabaki shimo. Maji yana uzito, na yanaweza kuficha kwamba nyama imekwisha zaidi ya mizani inavyosema.

Na msidanganywe na ile chati ya rangi ukutani inayolinganisha uzito na urefu. Hukuniandikia urefu wake, lakini tuseme ana mita 1.68. Kilo 55 ukizigawanya kwa urefu huo mara mbili, atapata 19.5, na chati itamwambia yuko kawaida, kwa sababu kwa mtu mzima kawaida inaanzia 18.5. Kwa aliyevuka miaka 70 na kupungua kiasi hiki, sisi tunaanza kuwa na wasiwasi chini ya 22. Kuna kipimo kingine cha bei rahisi kuliko vyote: chukua utepe wa fundi cherehani, mzungushie mzee kwenye shavu la mguu, pale palipo panene. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imepungua. Andika namba hiyo pembeni ya uzito.

Haya mambo hayakuanza jana. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa Marekani, Hiram Studley, aliyekuwa Cleveland, aliwaangalia wagonjwa wake waliofanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepoteza zaidi ya sehemu ya tano ya uzito wao kabla ya kupasuliwa, mmoja katika kila watatu alifariki. Waliopungua chini ya hapo walifariki kama watatu na nusu katika kila mia. Siku hizi tuna antibaiotiki na dawa bora za usingizi, kwa hiyo usizichukue namba hizo ukamtisha nazo mzee, lakini sababu iliyo nyuma yake haijabadilika. Kidonda kinaungwa kwa protini. Askari wa mwili wanaopigana na vijidudu wametengenezwa kwa protini. Kifua kinachotakiwa kukohoa na kutoa makohozi siku ya pili baada ya upasuaji ni misuli, na misuli ni protini. Mwili ukipasuliwa unakwenda ghalani, na ghala lenyewe ni nyama ya mapaja na mabega. Mzee wako anaelekea upasuaji ghala likiwa limeshapunguzwa kilo tisa.

Sasa nizungumze na dada mkubwa, na nitazungumza naye kwa heshima, maana ndiye anayeamka alfajiri kusaga bitiruti. Dada, uvimbe haungoji kualikwa mezani. Unachota kwenye damu, na chakula kisipoingia kwa mdomo mwili unavunja misuli yake wenyewe kuilisha damu hiyo. Ukimnyima mzee mayai, anayeanza kukonda ni mzee. Najua maneno haya yametoka wapi. Ni kweli shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, mwaka 2015, liliziweka nyama za viwandani, soseji na jamaa zake, kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana, na nyama nyekundu ikawekwa daraja moja chini, la vile ambavyo huenda vikasababisha. Lakini hiyo ni habari ya mtu anayezila kwa wingi miaka na miaka. Haihusu mayai mawili ya kuku wa kienyeji wiki tatu kabla ya kupasuliwa. Samaki, mayai, maziwa na kuku havikuwemo kabisa kwenye orodha hiyo.

Anahitaji kiasi gani? Mzee mgonjwa tunampigia gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 55 ni kati ya gramu 66 na 82. Nguvu ya chakula tunakadiria kilokalori 30 kwa kilo, yaani kama 1,650. Ikiwa amewahi kuambiwa figo zake zina shida, na wenye presha ya miaka mingi wengine wanazo, muulize daktari kwanza kabla hujapandisha protini. Kama figo ni nzima, endelea.

Gramu 80 za protini si gramu 80 za nyama, na hapa ndipo watu wanapotea. Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 8, na mtindi vilevile. Kipande cha samaki au kuku aliyepikwa cha gramu 80, sawa na kiganja chembamba, kina 16 hadi 20. Dagaa wakavu ndio mabingwa kwa uzito: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hivyo vijiko viwili vikubwa vya unga wa dagaa vinakupa kama 9. Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa kina kama 4. Sasa chukua kikombe cha chai ya rangi na vipande viwili vya boga, kisha hesabu mwenyewe.

Tukuyu mnakaa juu ya ghala. Maziwa ya Rungwe, maparachichi yanayopakiwa kwenda ng'ambo, ndizi za kila aina, mchele na dagaa wa Nyasa kutoka Kyela kwa mwendo mfupi wa kuteremka. Siku yake ningeipanga hivi. Akiamka, glasi ya maziwa ya moto na mayai mawili, ya kuchemsha au ya kuvuruga laini kama meno hayapo. Saa nne, kikombe cha uji uliopikwa kwa maziwa, ukishaiva utie kijiko cha karanga zilizosagwa. Mchana, ndizi za kupika zilizolainika au ubwabwa, na samaki aliyetolewa miiba au kuku aliyechambuliwa. Saa kumi, nusu parachichi na kikombe cha mtindi. Jioni, viazi mviringo vilivyopondwa au ugali laini, mboga ya majani iliyokatwa ndogondogo, na ule unga wa dagaa umekorogwa kwenye mchuzi. Akienda kulala, maziwa tena. Hapo umekaribia gramu 75 bila kugusa protini iliyo kwenye ndizi na mchele, na hakuna mlo hata mmoja uliomjaza sahani. Mzee asiye na hamu ukimletea sahani ya mlima anashiba kwa macho. Mletee kidogo, mara sita.

Unga wa dagaa mtengenezee nyumbani. Wachague, toa mchanga na vichwa, waoshe, waanike tena wakauke, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha. Weka kwenye kopo lenye mfuniko. Kuna mama mmoja wa Ipinda aliyenifundisha kutia ndimu wakati wa kukaanga ili harufu isimchefue mgonjwa. Tangu hapo nawafundisha wengine.

Uji wa lishe. Hapa nitagombana na nusu ya nchi. Uji wa lishe umekuwa kama hirizi: mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga, vyote kwenye mfuko mmoja, na kadiri nafaka zinavyozidi ndivyo bei inavyopanda. Nafaka tano hazina faida kubwa kuliko nafaka moja. Zote ni wanga wenye protini kidogo. Kinachobadilisha uji ni jamii ya kunde na maziwa. Halafu soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na karanga zilizokaa kwenye unga miezi miwili huchacha au kuota ukungu. Pia angalia uzito wa uji wenyewe. Unga gramu 30 kwenye nusu lita ya maji ni maji ya moto yenye rangi, na protini yake haifiki ya yai moja. Pika kwa unga wa ulezi au mahindi peke yake, nusu maji nusu maziwa, kisha tia karanga mbichi za juzi ulizokaanga na kusaga mwenyewe. Huo ndio uji wa lishe.

Na supu. Nimeona mara nyingi wodini: mzee analetewa supu ya kongoro, amekunywa mchuzi wote, familia inafurahi. Nyama iko wapi? Imeliwa nyumbani, maana "mzee hawezi kutafuna." Mchuzi ni mtamu, una chumvi na maji, unafungua hamu ya kula. Protini imebaki kwenye nyama, na nyama iko kwenye tumbo la mjukuu. Ichambue, itwange kwenye kinu au isage, irudishe kwenye supu. Hapo mmempa chakula.

Nimetaja maharage? Sijataja, na ni kwa makusudi. Kwa mgonjwa mwingine yeyote ningekuwa nimeyaweka katikati ya sahani. Huyu ana uvimbe kwenye utumbo mpana, na uvimbe wa huko unaweza kuubana utumbo kama kutu kwenye bomba. Muulizeni daktari swali hili kwa maneno haya: njia imebana au bado iko wazi? Kama imebana, basi hadi siku ya upasuaji hakuna makande, hakuna mahindi ya kuchoma, hakuna maharage yenye maganda, hakuna mbegu za mapera wala nyuzi za chungwa na embe. Vyakula hivi ni vizuri kwa mtu mwenye afya, lakini maganda yake hufika pale palipobana yakakwama. Maharage mkitaka, yachemsheni yaive kabisa, yapondeni, yapitisheni kwenye chujio. Kama njia iko wazi, ratiba niliyoandika haina tatizo, na kande laini mara moja moja halitamdhuru. Na siku yoyote tumbo likivimba na kuwa gumu, akaanza kutapika, akawa hapati choo wala upepo, acheni kumlisha na mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku iwe Jumapili. Msingoje tarehe.

Kwa upande wa pili kuna hatari ambayo wenye huruma hawaijui. Ikiwa mzee amekaa siku tano au zaidi karibu bila kula kitu, msianze na sahani hizi zote kwa siku moja. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, chumvichumvi za damu huporomoka na moyo unaweza kuyumba. Mtu wa namna hiyo tunaanza na nusu ya mahitaji yake kwa siku mbili za mwanzo, tena hospitalini, akipimwa damu. Kwa maelezo yako baba anakula kidogo kila siku, hivyo sidhani yuko huko, lakini wewe ndiye unayemwona.

Bitiruti sasa. Rangi yake ndiyo imeipa jina la dawa ya damu. Madini ya chuma ndani yake ni kidogo, chini ya miligramu moja kwa gramu 100. Maini ya ng'ombe ya uzito huohuo yana kama miligramu 6, na yale ya kwenye maini mwili unayapokea kwa urahisi zaidi. Ninachohofia zaidi kwa mgonjwa wenu ni kitu kingine. Bitiruti inaweza kugeuza mkojo na choo kuwa chekundu. Uvimbe wa utumbo nao huvuja damu. Siku mzee akitoka chooni na kusema ameona wekundu, mtajuaje ni juisi au ni damu? Acheni bitiruti hadi baada ya upasuaji. Ulizeni wingi wa damu yake ulikuwa ngapi: kwa mwanamume, chini ya 13 ni upungufu. Kama iko chini, vidonge vya chuma vina kazi lakini vinakwenda polepole, na kwa wiki tatu tu daktari anaweza kuona afadhali chuma cha kuchoma kwenye mshipa, au kuongezewa damu kama imeshuka sana. Uamuzi huo ni wa daktari. Akipewa vidonge, choo kitakuwa cheusi, msishtuke.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho mtu wa Rungwe hapendi kusikia. Chai, hata ile bora inayochumwa kwenye vilima vyenu, inashika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie kwenye damu. Chai ya rangi nzito pamoja na chakula, asubuhi, mchana na jioni, inafuta sehemu kubwa ya kazi ya vidonge. Sisemi mzee anyang'anywe chai. Mzee aliyenyang'anywa chai hatakula kabisa. Mpe saa moja na zaidi baada ya mlo, na mpe ya maziwa yaliyojaa, siyo maji yaliyooneshwa maziwa. Pamoja na mlo mpe kipande cha papai au chungwa lililokamuliwa na kuchujwa, vitamini C inasaidia chuma kupita.

Hamu ya kula ndiyo kazi ngumu kuliko zote hizi, na haina namba. Chungulia mdomoni: meno yanayouma, ulimi wenye utando mweupe, meno ya bandia yanayopwaya kwa sababu fizi zimekonda pamoja naye. Chunguza choo, kwa kuwa mzee aliyefunga choo hali. Kisha angalia anakula na nani. Wanyakyusa mna neno ukwangala, lile la kukaa pamoja na wenzako, kula na kuzungumza. Mzee aliyekua katika hali hiyo, leo anawekewa hotipoti chumbani, mlango unarudishwa, baada ya nusu saa mtu anakuja kuchukua sahani na kusikitika kwamba hakula. Mtoeni barazani. Mwiteni rafiki yake mmoja, wawekewe sinia moja. Nimeona wazee wakimaliza samaki mzima kwa sababu tu mwenzake alikuwa anasimulia habari za zamani za Kiwira.

Protini inayoingia kwenye mwili uliolala haijengi sana. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha walichokiona kwa wazee wenye afya waliokubali kulazwa kitandani siku 10 tu: walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10, na hawakuwa wagonjwa. Kwa hiyo asikae kitandani mchana. Mwekeeni kiti kigumu kisicho na mito, asimame na kukaa bila kujishika, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kama hawezi, ashike mkono wako na apunguze hesabu. Kutembea mpaka kwa jirani na kurudi ni dawa pia, ila chagueni njia isiyo na mteremko wa utelezi, maana huko kwenu mvua hazina msimu. Mara tano kwa siku avute pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu, azoee kabla tumbo halijaanza kuuma.

Namgeukia jirani. Hakutoa maneno yake hewani. Kwa upasuaji wa utumbo mpana madaktari wengine hutaka utumbo usafishwe, na siku moja kabla mgonjwa huambiwa anywe vitu vyepesi vinavyopitisha mwanga na dawa ya kuharisha. Wakiwaambia hivyo, fuateni bila kupunguza wala kuongeza, na siku hiyo mhakikishe anakunywa vya kutosha vyenye sukari. Lakini kufunga siku mbili kwa hiari yenu, hapana. Mmemjenga wiki tatu, kisha mnambomoa saa 48 za mwisho.

Kufunga kwenyewe kuna sababu moja kubwa: tumbo likiwa na chakula, mtu akilazwa usingizi kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Daktari Curtis Mendelson wa New York alilieleza jambo hilo mwaka 1946 kwa akina mama waliokuwa wakijifungua, na desturi ya "usile wala kunywa kitu kuanzia saa sita usiku" ikaenea duniani. Baadaye ikapimwa na kuonekana kwamba tumbo la mtu wa kawaida linatoa maji upesi kuliko tulivyodhani. Kanuni inayokubaliwa sasa ni saa 6 bila chakula chepesi, saa 8 kama kulikuwa na nyama au mafuta mengi, na saa 2 bila vinywaji vinavyopitisha mwanga. Maji, chai ya rangi yenye sukari, juisi ya tofaa iliyochujwa: hivyo vinapitisha mwanga. Maziwa, chai ya maziwa, uji, togwa na juisi ya parachichi ni chakula, vihesabu saa 6 au zaidi.

Kwa mfano, kama hakuambiwa asafishwe utumbo, na akiwa wa kwanza saa tatu asubuhi: ale chakula cha jioni kama kawaida, apate kikombe cha uji mwepesi saa nne usiku kabla ya kulala, na maji au chai ya rangi mpaka saa moja asubuhi. Mara nyingi hamtaambiwa ni wa kwanza au wa tano, na hapo ndipo pana shida. Miaka ya nyuma, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilimkuta mzee wa Mbarali ana siku ya pili hajala. Jumatatu alifungishwa, ikaja dharura, akasogezwa. Jumanne akafungishwa tena kuanzia saa sita usiku, saa tisa alasiri bado yuko kwenye foleni. Hakuna aliyemfanyia hila, kila mtu alifuata karatasi. Midomo ilikuwa imepasuka. Kwa hiyo ulizeni kwa sauti ya upole lakini mrudie kuuliza: yuko namba ngapi, anaweza kunywa maji mpaka saa ngapi, na akisogezwa apewe chakula mara moja. Aulizwe daktari wa usingizi hasa, ndiye mwenye neno la mwisho, kwa sababu mgonjwa ambaye utumbo umebana au anayetapika hahesabiwi kwa kanuni hii ya kawaida. Tumbo lake halitoi chakula kwa wakati. Kuna hospitali ambazo humpa mgonjwa kinywaji cha wanga, kama gramu 50 kwenye mililita 400, saa mbili au tatu kabla. Muulize daktari huyohuyo kama kinamfaa baba. Kama ana kisukari, msimpe kinywaji cha sukari kwa akili zenu.

Mengine kwa haraka. Dawa za presha na nyingine zote ziandikwe kwenye karatasi moja na kupelekwa. Ya kuendelea nayo na ya kusimamisha ataamua daktari, hasa aspirini na dawa nyingine za kulainisha damu. Mitishamba isimamishwe yote sasa, hata ile ya mtu mnayemwamini, na msimfiche daktari kwamba alikuwa anaitumia. Sigara iishe leo. Kimpumu (pombe ya kienyeji) nacho kiishe leo, isipokuwa kama alikuwa akinywa kila siku kwa wingi. Aliyezoea hivyo akikata ghafla anaweza kutetemeka na kuchanganyikiwa, kwa hiyo semeni ukweli hospitali na wawasaidie kumpunguza. Mpimeni uzito kila Jumatatu asubuhi, mizani ileile, nguo zilezile. Sitegemei arudi 64. Asiposhuka chini ya 55 mmefanya kazi kubwa, na akipanda hadi 56 bila miguu kuvimba nitafurahi kama nyinyi.

Baada ya upasuaji msishangae akiruhusiwa kunywa siku hiyohiyo au kesho yake, na kula mapema kuliko mlivyozoea kuona. Zamani tulingoja mpaka mgonjwa atoe upepo. Siku hizi sehemu nyingi hawangoji, kwa kuwa utumbo wenyewe unapona vizuri zaidi ukipewa kazi. Mkisharuhusiwa kuleta chakula, pikeni ndizi laini, chambueni kuku, mlete kidogo cha moto mara nne badala ya hotipoti moja kubwa ya saa saba. Na nyama iingie humo ndani; mjukuu atapikiwa yake.